Chini ya Mabua Maji Hupita

Hotuba mbele ya walimu na wanafunzi wa Kiswahili

Walimu wenzangu, wazee wetu, na nyinyi vijana mliojibana kule nyuma karibu na mlango: hamjambo. Nawashukuru kwa kunialika, na nawashukuru zaidi kwa kuniachia nichague mwenyewe la kusema, maana hili nitakalolisema limenikaa moyoni miaka mingi.

Naomba nianze na mbwa. Mbwa wa mfinyanzi aliingia tanurini. Alipokwisha kupata joto, akambwekea mfinyanzi. Basi, ni hayo tu. Kabla hatujaanza nimewauliza walimu watatu waliokaa mstari huu wa mbele maneno hayo yana maana gani. Wa kwanza amejibu bila kusita: ni utovu wa fadhila, shukrani ya punda ni mateke. Wa pili amesema ni mtu aliyepata cheo cha kupewa akamsahau aliyempa. Wa tatu ameniangalia kidogo, kisha akaniuliza, "Kaambiwa nani?"

Swali la huyu wa tatu ndilo lililonileta hapa. Mbwa nitamrudia.

Methali hiyo ni ya watu wa Babeli na Ashuru, watu wa nchi ya katikati ya mito miwili, Frati na Tigri, ambayo leo ni Iraki. Jina la Babeli si geni kwetu. Wanaokwenda kanisani wanalijua kwa mnara. Wanaokwenda msikitini wanalisikia katika habari za Haruta na Maruta. Magofu yake yapo karibu na mji wa Hilla, kusini mwa Baghdad, na mwaka 2019 yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Na wazee wa pwani hii wanakumbuka tende zilizokuwa zikishushwa na majahazi ya kaskazi kutoka Basra. Zilitoka kwenye mitende ya bonde lilelile, kandokando ya maji yaleyale.

Watu hao waliandika juu ya udongo. Walikanda kibao cha udongo laini, wakakikandamiza kwa kalamu ya tete, na kila pigo la kalamu likaacha alama yenye umbo la kabari. Ndiyo maana tunauita mwandiko wa kikabari. Udongo ukikauka unadumu. Karatasi zetu za juzi zimeliwa na mchwa, lakini vibao vyao vya miaka 4,000 bado vinasomeka. Na katika vibao hivyo mna methali, nyingi ajabu. Wataalamu wamezipanga za Kisumeri, lugha ya kale ya nchi hiyo, peke yake katika mikusanyiko zaidi ya ishirini.

Zilifikaje kwetu nyingi hivyo? Hapo naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu habari hii inatuhusu sisi tulioshika chaki.

Zilifika kupitia kazi za darasani. Katika mji wa Nippur, kusini mwa Babeli, wachimbuzi wa mwanzoni mwa miaka ya 1950 walifukua nyumba moja ndogo ya matofali ya udongo ambayo wameipa jina la Nyumba F. Ni nyumba ya kawaida, ina vyumba vichache na ua. Ndani yake kulikuwa na vibao na vipande vya vibao vipatavyo 1,400, karibu vyote vya wanafunzi, vya karne ya 18 KK. Palikuwa na mahali pa kulowekea vibao vilivyokwisha kazi ili udongo wake ukandwe upya, na vingine vilitumika kujazia sakafu na mabenchi. Wasumeri waliita shule "nyumba ya vibao", na nyumba hii ilikuwa kweli nyumba ya vibao, hata pale mtu alipokalia.

Mtoto aliyeanza pale alijifunza kwanza kupiga alama moja moja, kisha orodha ndefu za maneno: miti, vyombo, mawe, wanyama, samaki. Alipomaliza orodha, sentensi yake ya kwanza yenye maana kamili ilikuwa methali. Vipo vibao vya mviringo vinavyotosha kiganjani: mwalimu ameandika methali kwa mkono wake mzuri, na chini yake, au upande wa pili, mwanafunzi ameinakili kwa mkono unaotetemeka. Nimeziangalia picha za vibao hivyo mara nyingi, na kila mara huwaona wanafunzi wangu.

Na kulikuwa na jambo moja zito. Watoto hao nyumbani walizungumza Kiakadi, lugha ya Wababeli na Waashuru. Methali walizonakili zilikuwa za Kisumeri, lugha ambayo wakati huo haikuwa tena lugha ya mama wa mtu yeyote. Ilibaki hekaluni na shuleni. Methali moja yao yasema: "Mwandishi asiyejua Kisumeri ni mwandishi gani huyo?" Nyingine yasema: "Mwandishi ambaye mkono wake unakwenda sambamba na kinywa, huyo ndiye mwandishi." Bila shaka walimu walizipenda sana hizo. Lakini mtoto aliyezinakili hakuwahi kumsikia bibi yake akizisema jikoni, wala jirani akizitupa kwenye ugomvi wa mpaka. Alizikuta zimekauka.

Walimu wenzangu, je, sisi tunafanya tofauti gani? "Kamilisha methali ifuatayo: Haraka haraka, alama ya kistari." Nimetunga maswali ya namna hiyo miaka mingi kuliko ninavyopenda kuhesabu, na nimeyasahihisha kwa kalamu nyekundu. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja hodari, asiyekosa hata methali moja. Siku moja tulikwenda kumpa pole mwenzake aliyefiwa na kaka kwa ajali ya pikipiki. Mtoto yule akamshika mkono mfiwa, na kwa moyo mweupe kabisa akamwambia, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Ukumbi wa matanga ukanyamaza. Hakuwa na ubaya wowote. Methali alikuwa nayo kamili, maneno yote mahali pake, na nilimpa alama zote mimi mwenyewe. Nilichokuwa sijampa ni mtu wa kumwambia na siku ya kusemea.

Basi tuzisikilize baadhi ya hizo za Nippur na Babeli. Kiswahili hiki nilichowawekea ni changu, kutokana na tafsiri za wataalamu waliotumia maisha yao kuvisoma vibao hivyo.

"Katika mji usio na mbwa, mbweha ndiye msimamizi." Hiyo mmekwisha kuielewa kabla sijamaliza, paka akiondoka, panya hutawala. "Bado hajamkamata mbweha, tayari anamchongea kongwa." "Mbweha alikojoa baharini akasema, Bahari yote hii ni mkojo wangu." Nimefurahi mmecheka, imechekesha miaka karibu 4,000 na haijachoka. "Nge amemchoma mtu, amepata faida gani?" Na ile ya kuuliza kwa ukali: "Amepata mimba bila mume? Amenenepa bila kula?"

Zipo zinazouma. "Ulikwenda ukaliteka shamba la adui; adui akaja akaliteka shamba lako." Kwa watu ambao miji yao ilipigana vizazi kwa vizazi kwa ajili ya mifereji ya maji, hilo halikuwa fumbo hata kidogo, ilikuwa habari ya msimu uliopita.

Halafu kuna hii, ambayo naipenda na inanisumbua: "Mwenye fedha nyingi huenda akafurahi, mwenye shayiri nyingi huenda akafurahi, asiye na kitu hulala usingizi." Imenakiliwa ikaachwa hivyohivyo, bila jina la msemaji. Sasa fikirini. Anaisema mkulima aliyejinyoosha juu ya mkeka wake baada ya kulipa deni la mwisho. Kinywani mwake ni heshima. Mtu anasema, angalau usiku huu hakuna wa kunigongea mlango. Sasa maneno hayohayo, bila kubadili hata silabi, mpeni mwenye ghala. Wafanyakazi wake wamekuja kudai nyongeza ya posho ya shayiri, naye ameegemea mto anawaambia: nyinyi mna bahati, asiye na kitu hulala usingizi. Kinywani mwake ni kofi. Ni maneno yaleyale. Kibao kimetuhifadhia maneno, kikatunyima mtu, na bila mtu hatujui kama tunasoma faraja au dharau. Nimewasikia watu wakiitaja methali hii kama ushahidi kwamba watu wa kale walijua furaha haiko katika mali. Mimi siwezi kusema hivyo. Sijui ilisemwa na nani.

Nyingine zimefungika kabisa. "Mwaka jana nilikula kitunguu saumu, mwaka huu tumbo linaniwaka." Tunaweza kukisia: kosa la zamani huja kudai baadaye. Au ni kumcheka mtu anayetafuta sababu ya mbali kwa tatizo la karibu, anayesingizia kitunguu cha mwaka jana ilhali anajua alichokula jana usiku. Hizo ni tafsiri mbili zinazopingana, na zote mbili zinakaa vizuri. Ingetosha mtu mmoja wa Babeli atuonyeshe kwa kidole alikuwa anaambiwa nani.

Nyumbani kwetu tuna msemo wa namna hiyo. Bibi yangu mzaa mama, mtu akija na maneno matamu kupita kiasi, akiahidi kazi, akiahidi kiwanja, akimsifu binti wa watu kabla hajakaa vizuri kwenye kiti, Bibi husema taratibu bila kuinua macho kwenye ukili anaosuka: "Hiyo samli ya Jumatatu hiyo." Basi. Mazungumzo yanakwisha hapo, mgeni haelewi, sisi wote tumeelewa. Mpaka leo kwetu tunautumia. Binti yangu anautumia, naye hakumkuta Bibi duniani. Miaka michache iliyopita nikagundua kwamba hakuna anayejua ni samli gani, na Jumatatu ipi. Nikamwendea mama mkubwa, ndiye pekee aliyebaki katika kizazi kile. Akafikiri kwa muda mrefu. Akasema, "Kulikuwa na mtu. Alikuja na samli." Zaidi ya hapo hakukumbuka, na nilimwona ameona haya kwa kusahau, nikajuta kumuuliza. Sisi bado tunao mlango wa kuingilia msemo ule, kwa sababu tuliuona ukitumika. Baada ya binti yangu na watoto wake, utakuwa kitunguu saumu.

Wababeli wenyewe walilijua hili la kwamba neno la hekima humtumikia anayelitamka. Wametuachia maandishi ya mazungumzo kati ya bwana na mtumwa wake. Bwana anasema, Nataka kumpenda mwanamke. Mtumwa anajibu, Mpende, bwana wangu, mpende. Mwanamume apendaye husahau huzuni na hofu. Bwana anageuka: Hapana, sitaki tena. Mtumwa naye: Usipende, bwana wangu, mwanamke ni shimo, mwanamke ni kisu cha chuma kinachokata koo la mwanamume. Inaendelea hivyo kwa kila jambo, kukopesha, kutoa sadaka, kuisaidia nchi. Kwa kila upande mtumwa ana msemo mzuri uliokwisha kunolewa. Wakifika kwenye kuisaidia nchi, bwana anaposema hatafanya, mtumwa anamwambia: panda juu ya vilima vya magofu ya kale, utembee huku na huku, uyatazame mafuvu ya wakubwa na wadogo, yupi alikuwa mtenda mabaya na yupi mtenda mema? Mwisho bwana anauliza, basi jema ni lipi? Mtumwa anasema, kuvunjwa shingo yangu na yako na kutupwa mtoni; na hapo ndipo anapotoa methali iliyokuwa ya kale hata wakati huo: "Nani mrefu hata akapanda mbinguni? Nani mpana hata akaikumbatia dunia?" Bwana anatishia kumuua yeye kwanza. Mtumwa anamjibu kwamba bwana wake hatamaliza hata siku tatu baada yake.

Wasomi wamebishana kama maandishi hayo ni mzaha au ni kilio. Mimi nayasoma kama somo kali kwa watu wa kazi yetu. Yule mtumwa anajua methali zote, na mpaka pale mwishoni, anapoambiwa atauawa, hajasema hata moja kwa ajili ya nafsi yake.

Sasa, mahali pengine bahati imetuokoa. Methali chache za watu hao zimeonekana nje ya shule, ndani ya barua. Hapo tunamjua msemaji, tunamjua aliyeambiwa, na mara nyingine tunajua kilichofuata.

Mfalme Shamshi-Adad alikuwa mtu mkubwa wa kaskazini mwanzoni mwa karne ya 18 KK. Alikuwa na wana wawili aliowapa nchi za kutawala. Mkubwa alikuwa shujaa. Mdogo, Yasmah-Addu, aliwekwa Mari, mji wa mtoni Frati ambao leo uko Siria, naye alikuwa mtu wa starehe. Barua za baba kwa huyu mdogo zinauma kuzisoma. Katika moja anamuuliza kama yeye ni mtoto, kama hana hata nywele kidevuni. Katika nyingine anazungumzia vita: wewe unabuni hila za kumpiga adui, na adui naye anabuni hila juu yako, kama wapiga mieleka wanavyoviziana. Kisha anamkumbusha methali, na anaiita hivyohivyo kwa neno lao, têltum, methali ya kale: "Jike la mbwa kwa haraka yake lilizaa vipofu."

Mnaona? Nanyi midomo imekwisha kuanza kusema, haraka haraka haina baraka. Sikatai, ni ndugu. Lakini msizifanye kuwa kitu kimoja. Yetu inazungumzia baraka, ni ya mzee anayemtuliza kijana. Ile ni ya baba aliyekasirika anayemwandikia mwana aliyemshusha moyo, na ndani yake kuna watoto wa mbwa wasioona. Nikiisoma, naiona hofu ya baba yule: kwamba alichokijenga maisha yake yote kitazaliwa kipofu mikononi mwa mwanawe. Na hofu yake ilikuwa ya kweli. Alipokufa, Yasmah-Addu hakudumu. Alifukuzwa Mari.

Miaka 400 na zaidi baadaye, kwenye vibao vilivyofukuliwa Amarna nchini Misri mwaka 1887, tunamkuta Lab'ayu, mtawala wa mji wa Shekemu kule Kanaani, akimwandikia Farao. Anashtakiwa kwa uasi. Mji wake umetekwa na watu waliokuwa wameapa amani naye, na anaambiwa anyamaze. Anajibu: siafu akipigwa, hauumi mkono wa mtu aliyempiga? Nimesema siafu kwa sababu ndiye tunayemjua sisi; barua inasema mdudu chungu. Mtu mdogo anamwandikia mfalme mkubwa kuliko wote aliowajua, na hawezi kusema waziwazi kwamba atapigana. Anamtanguliza chungu. Hiyo ndiyo kazi ya methali ambayo sisi Waswahili tunaijua sana: kusema lisilosemeka huku mkono ukiwa kifuani kwa heshima.

Katika barua hizohizo za Amarna yumo Rib-Hadda wa Gubla, mji wa pwani ya Lebanoni, aliyeandika na kuandika na kuandika akiomba msaada. Barua zake ni nyingi kuliko za mtawala mwingine yeyote wa kule. Mara kwa mara anarudia msemo mmoja: "Shamba langu ni kama mke asiye na mume, kwa kukosa mlimaji." Ukiusoma mara ya kwanza ni tashbihi nzuri. Ukiukuta katika barua nyingine, na nyingine tena, unaanza kusikia mtu ambaye maneno yamemwishia.

Na yule mbwa wetu wa tanurini? Aliyesema ni Esarhaddon, mfalme wa Ashuru kati ya 681 na 669 KK. Watu fulani wa Babeli walimwandikia barua wakijiita Wababeli, yaani wenye haki na heshima za mji ule ambao yeye alikuwa akiujenga upya. Yeye anawaandikia kwa anwani ya "watu wasio Wababeli". Anawaambia kwamba watu kama wao ndio methali inaowataja: mbwa wa mfinyanzi aliingia tanurini akambwekea mfinyanzi. Na barua yao anawarudishia na mihuri yake haijavunjwa. Hakuisoma. Kwa hiyo mwalimu wa pili alikuwa amekaribia sana, na wa kwanza hakukosea. Lakini angalieni ladha ilivyobadilika mara tu tulipomjua msemaji. Mfinyanzi ndiye mfalme mwenyewe, na tanuri ni joto la ufalme wake. Mfalme akitaja tanuri, anayesikia hafikirii joto la kujipasha tu.

Nitaje na moja ambayo wengi wenu mnaijua bila kujua mnaijua. Kitabu cha Mhubiri, katika Biblia, kinasema kamba ya nyuzi tatu haikatiki upesi. Methali hiyo imo katika hadithi za Gilgamesh, mfalme shujaa wa hadithi za kale za nchi hiyo, katika Kisumeri tayari, karne nyingi kabla. Gilgamesh anaisema katika safari ya msitu wa mierezi, mwenzake Enkidu anapoingiwa na hofu na kutaka kurudi. Mnapoisikia harusini, kumbukeni kwamba huko ilisemwa kumtia moyo rafiki aliyetaka kukimbia, mbele ya hatari ambayo ilikuwa ya kweli.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mnapowapa wanafunzi kazi ya kukusanya methali, msikubali orodha. Waambieni waandike nani alisema, alikuwa anamwambia nani, ilikuwa saa ngapi, na aliyeambiwa alifanya nini. Ikiwa alilia, waandike alilia. Methali kumi za namna hiyo nitazichukua mbele ya mia zilizokamilishwa kwenye kistari.

Namaliza na Mari, maana ndiko kuliko na methali ninayoipenda kuliko zote.

Baada ya Yasmah-Addu kufukuzwa, alitawala Zimri-Lim, kuanzia karibu mwaka 1775 KK. Mfalme wa Eshnunna, nchi ya mashariki, alimletea maneno ya amani. Zimri-Lim alikuwa na dada, Inib-shina. Dada huyo akamwandikia kwamba mwanamke mmoja, mtumishi wa mungu Dagani wa mji wa Terqa, amemjia na ujumbe: maneno ya amani ya mtu wa Eshnunna ni hila. "Chini ya mabua maji hupita." Mnaiona picha yake. Mabua ya shayiri yametanda, makavu, mtu anaweza kuweka mguu, na chini yake maji yanakwenda kimyakimya. Msemo huo umo katika barua tatu za wakati ule, kutoka kwa waandishi watatu tofauti, wote wakimwonya mfalme juu ya jambo hilohilo moja. Nilipozisoma mara ya kwanza nilimsikia Bibi. Samli ya Jumatatu.

Zimri-Lim hakusikia. Alifanya amani na Eshnunna, na mapatano yake yamepatikana.

Yamepatikana kwa sababu jumba lake la kifalme liliungua likaporomoka juu ya kumbukumbu zake, na wachimbuzi wa Kifaransa walioanza kazi pale mwaka 1933 walivikuta vibao na vipande vipatavyo 20,000 chini ya kifusi. Aliyelibomoa si mtu wa Eshnunna. Ni Hammurabi wa Babeli, rafiki wa Zimri-Lim, aliyekuwa amempelekea majeshi na kupelekewa majeshi, na ambaye mnamo 1760 KK aliingia Mari. Makarani wa Hammurabi walikaa jumbani wakazichambua barua moja moja, wakazipanga vikapuni, na zile za maana wakazichukua. Ile ya Inib-shina waliiacha.